Panya Nyumbani: Tumtege Kabla ya Kumwekea Sumu



Masika yanapoanza, panya hukimbia maji mashimoni wakaingia majumbani. Wengi wetu hapa Nguvumali hukimbilia kununua sumu ya panya kwa wachuuzi. Sisi wauguzi tunaomba mtusikilize kwanza.

Tuliwahi kumpokea mtoto wa miaka mitatu akitokwa damu puani na kwenye fizi. Siku tatu kabla ya hapo aliokota kipande cha nazi chenye sumu uvunguni mwa kitanda. Mama alimpa maziwa, akamwona anacheza, akadhani yamekwisha. Kumbe sumu nyingi za panya huzuia damu isigande, na dalili zake hukawia siku kadhaa. Mtoto alipona kwa vitamini K na kuongezewa damu, lakini nusura tumkose.

Tumtambue kwanza

Kinyesi cha panya ni cheusi, mfano wa punje za mchele. Kikiwa na ncha nyeupe, hicho ni cha mjusi wa ukutani. Huyo hula mbu wala hana sumu, mwacheni.

Tufanye nini?

1. Tumnyime chakula. Unga, mchele na dagaa vikae kwenye ndoo yenye mfuniko. Vyombo visilale na makombo.

2. Tumnyime njia. Tundu la kupitisha kidole gumba lamtosha panya mdogo. Tuzibe kwa saruji.

3. Tumnyime maficho. Makuti makuukuu, vifuu na kuni visirundikwe ukutani. Huko ndiko nyoka, kama swila na kifutu, humfuata panya.

4. Tumtege. Mtego uwekwe usiku kando ya ukuta, watoto wasipofika. Chambo kizuri ni nazi iliyochomwa au dagaa.

Ikibidi kutumia sumu, tununue duka la pembejeo, iliyo na maandishi ya jina lake. Ile isiyo na jina hutupa taabu kujua tiba yake, na nyingine huua kwa saa chache. Tusiichanganye na chakula cha watu, wala tusiiweke kwenye chupa ya soda.

Panya akifa

Tusimshike kwa mkono mtupu. Ndugu zetu wa Lushoto wanakumbuka tauni iliyozuka huko mwaka 1980 ikasumbua zaidi ya miaka 20. Ugonjwa huo huenezwa na viroboto, ambao humhama panya akishapoa na kutafuta damu nyingine. Tuvae mfuko wa plastiki mkononi, tumzike kwenye shimo refu, kisha tunawe kwa sabuni. Mkiona panya wengi wanakufa bila kutegwa wala kuwekewa sumu, toeni taarifa zahanati siku hiyo hiyo.

Likitokea la kutokea

Mtoto akila sumu, msimtapishe, wala msipoteze muda kutafuta maziwa. Mleteni hospitali mara moja, hata kama anacheza, pamoja na pakiti ya sumu hiyo.

Mtu akiumwa na nyoka, msimchanje, msimfunge kamba ya kukaza wala kunyonya jeraha. Mvueni pete na bangili, atulie, kiungo kisitikisike, aletwe upesi. Swila akimtemea mtu mate machoni, yaoshwe kwa maji mengi safi kabla ya kuanza safari.

Akina baba na akina mama, leo jioni kabla ya kulala, tuchungulie uvunguni. Kama kuna sumu mliyoisahau, itoeni.