Jina Lipo Kwenye Orodha, Mbona Kompyuta Hailioni?

Msimu wa basari ukifika, makatibu wa kamati hupokea majina ya wanafunzi kwa njia nyingi: WhatsApp, barua pepe, hati zilizochapwa shuleni. Majina hayo hunakiliwa na kubandikwa kwenye lahajedwali, kisha kompyuta huambiwa iyalinganishe na orodha ya shule. Hapo ndipo mwanafunzi ambaye jina lake kila mtu analiona huandikiwa #N/A, yaani hakupatikana. Katibu asiyejua kinachoendelea atamkata. Mara nyingi kosa si la mtoto wala la mwalimu. Ni alama isiyoonekana iliyoingia pamoja na jina.

Somo hili linamfaa yeyote anayetunza orodha kwenye Excel au Google Sheets, hata ikiwa ni ya chama cha watu kumi.

Anza kwa kuhesabu. Ikiwa seli A2 ina nambari ya kitambulisho yenye tarakimu 8, andika kando yake =LEN(A2). Ukipata 9, kuna mgeni. Ili umjue, andika =UNICODE(RIGHT(A2,1)), nawe utapewa nambari ya alama ya mwisho. Ukishuku kwamba mgeni yuko mwanzoni, weka LEFT badala ya RIGHT. Jibu likiwa 32, hiyo ni nafasi ya kawaida. Likiwa 160, ni nafasi isiyokatika, inayotumika kwenye kurasa za mtandao kuzuia maneno mawili yasitenganishwe mwisho wa mstari. Nambari za simu nazo, zikinakiliwa kutoka kwenye simu, wakati mwingine huja na 8234 mwanzoni na 8236 mwishoni. Hizo hazionekani kabisa, hata kama pengo.

Wengi hukimbilia TRIM, na haisaidii, kwa sababu TRIM huondoa 32 pekee. CLEAN nayo huondoa alama za 0 hadi 31, kwa hivyo 160 huziponyoka zote mbili. Dawa ni kuibadilisha kwanza iwe nafasi ya kawaida, ndipo upunguze:

=TRIM(SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(160)," "))

Alama nyingine hubadilishwa vivyo hivyo. Weka nambari yake mahali pa 160. Kwa simu na vitambulisho, ambavyo havihitaji nafasi yoyote, acha alama za kunukuu za mwisho zikiwa tupu: "". Jihadhari na CLEAN pale jina lilipokatwa mistari miwili ndani ya seli moja. Itaondoa alama ya mstari mpya, ambayo ni 10, na kuyaunganisha majina mawili yawe neno moja. Ni heri ubadilishe 10 iwe nafasi.

Kuna kosa jingine ambalo sisi Wakenya tunalijua vizuri ingawa hatulitambui. Ng'ang'a, Ng'eno na Nyong'o wana kibainishi. Ukiandika kwenye lahajedwali, kibainishi huwa kimenyooka, nambari 39. Programu za kuandikia barua hukipinda kikawa 8217. Kwa jicho ni jina lilelile, lakini kwa kompyuta ni watu wawili. Nyoosha hivi:

=SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(8217),"'")

Baada ya kusafisha, kitambulisho bado ni maandishi. Kama orodha ya pili inakihesabu kuwa nambari, havitalingana, kizungushie VALUE. Usifanye hivyo kwa nambari ya simu, maana sifuri ya mbele itapotea na 0712 itakuwa 712.

Fomula hizi ziandike kwenye safu mpya, kamwe si juu ya majina asilia. Ukiridhika, nakili safu hiyo na uibandike kama thamani pekee kabla ya kufuta ile ya zamani. Ukiifuta kwanza, fomula zitakosa pa kusoma na orodha nzima itajaa #REF!.