Somo: Uwanja Ukifungwa, Kikundi Kisifungwe



Leo tujifunze kutoka kwa vijana wa mpira wa Kawangware, magharibi mwa Nairobi. Hata kama kikundi chenu ni cha mbuzi au cha maji, somo hili ni lenu pia.

TUONE
Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Serikali iliamuru shule na vyuo vifungwe. Michezo nayo ikasimama.

Wakati huo nilikuwa nikitembelea timu mbili. Zote zilifundishwa na wanafunzi wa elimu ya michezo waliotoka chuo kikuu kufanya mazoezi ya kazi. Timu ya kwanza ilimjua kocha wake tu. Chuo kilipofungwa, kocha akarudi kwao, na timu ikaishia hapo.

Timu ya pili ilikuwa imeandikiana barua na mwalimu wa chuo, na ilikuwa na daftari la simu za wazazi. Basi mazoezi yakaja kwa simu: kuruka kamba, kuchuchumaa, kupiga danadana mlangoni. Mwenye simu ya mulika mwizi alitumiwa meseji ya kawaida. Kila ploti ikawa na mama mmoja wa kuuliza watoto, "Je, leo mmefanya?" Ni mama mmoja wa hao aliyegundua kwamba msichana fulani haonekani tena. Kumbe alikuwa amepelekwa kazi ya nyumbani. Viongozi wakazungumza na wazazi wake, na shule zilipofunguliwa Januari 2021, alirudi darasani.

TUPIME
Hata wakubwa walilazimika kubadilika. Mashindano ya dunia ya riadha kwa vijana chini ya miaka 20 yalikuwa yafanyike Kasarani Julai 2020. Yaliahirishwa, yakafanyika tarehe 18 hadi 22 Agosti 2021, bila umati wa mashabiki. Tarehe ilibadilika, lakini mapatano yalibaki. Timu ya kwanza haikuuawa na Korona peke yake. Urafiki wake na chuo ulisimama juu ya mtu mmoja, na kidole kimoja hakivunji chawa.

TUTENDE
1. Mkishirikiana na chuo au shirika, andikianeni. Kila upande uwe na watu wawili wanaojuana.
2. Wekeni daftari la majina na simu, nakala mbili katika nyumba mbili.
3. Gawanyeni kikundi kwa majirani, ili kila mtu awe na wa kumuulizia.
4. Msiende chuoni kama ombaomba. Wanafunzi wanahitaji mahali pa kujifunza kazi, nanyi mnapo.

MASWALI YA KUJADILI
- Mwenyekiti wetu akihama kesho, nani mwingine anajulikana na washirika wetu?
- Mikutano ikikatazwa mwezi mzima, tutajuaje nani amepatwa na shida?

Msiyajibu haraka haraka. Katibu aandike majibu, kisha myasome tena mkutano ujao muone ni lipi limetekelezwa.