Jinsi ya Kuagiza Mwaridi Wenye Jina la Shangazi

Shangazi yangu aliyestaafu uuguzi anaitwa Elizabeth. Huku kwetu Kangeta, Meru, mtu wa heshima kama yeye hupewa blanketi, leso au mbuzi. Mimi nilitaka kumpa mche wenye jina lake, aupande mwenyewe mbele ya nyumba. Mche huo upo: mwaridi uitwao 'Queen Elizabeth', uliozalishwa na Mmarekani Walter Lammerts na kutolewa mwaka 1954. Malkia Elizabeth wa Pili mwenyewe alikuwa hoteli ya Treetops, kwa jirani zetu wa Nyeri, Februari 1952 babake alipofariki naye akarithi kiti cha enzi.

Wengi hupata jina wakaridhika. Chunguza mmea wenyewe pia. 'Queen Elizabeth' hutoa maua ya waridi kwenye mashina marefu, hupita kimo cha mtu, na harufu yake ni hafifu. Mwenye baraza dogo utamsumbua. Anayependa harufu mpe 'Mister Lincoln', mwekundu, ambao hunukia hasa.

Kama unayempa zawadi ana jina la Kimeru kama Kananu au Gatwiri, huenda usipate mwaridi wa jina lake. Basi chagua jina linalobeba unachotaka kumwambia. Mimi ningechukua 'Peace', uliozalishwa na Francis Meilland wa Ufaransa na kupewa jina hilo la amani mwaka 1945, vita vikiisha. Lakini mwaridi huo huo kwao Ufaransa ni 'Madame A. Meilland', kwa heshima ya mama yake Francis. Ujerumani ni 'Gloria Dei', Italia ni 'Gioia'. Kabla ya kukata tamaa, muulize muuzaji kwa majina yote.

Usikimbilie kuagiza ng'ambo. Mche hai unaoingia Kenya huhitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, kabla haujasafirishwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka unakotoka. Tafuta nasari ya humu nchini, na usitume pesa kwa M-Pesa mpaka utumiwe picha mbili: ya ua lililochanua kwenye mche ule ule utakaonunua, na ya shina lake pale chini. Bila ua, mwaridi wowote unaweza kuuzwa kwa jina lolote.

Picha ya shina ina kazi yake. Miwaridi mingi ya nasari hubebeshwa, kama tunavyobebesha makadamia. Hapa Kenya shina la chini mara nyingi huwa la mwaridi uitwao 'Natal Briar'. Pale ilipounganishwa utaona kifundo. Chipukizi likitoka chini ya kifundo, ling'oe mapema. Hilo si la mwaridi ulionunua, na likiachwa huupiku ule wa juu, shangazi akabaki na maua ya mwaridi mwingine kabisa.

Kuhusu safari, sisi Waigembe wa huku Meru hatuna haja ya kufundishwa. Miraa yetu hufungwa kwa majani ya mgomba ifike Nairobi bila kunyauka. Nilimwomba muuzaji apunguze matawi na kulowesha udongo, kisha aufunge mfuko wote kwa majani hayo kabla ya kuupakia kwenye matatu ya kuja mji wa Maua. Ulifika udongo ukiwa bado na unyevu. Uweke kivulini siku chache kwanza, upumzike.

Agiza ili ufike mvua za Oktoba zikianza. Chimba shimo pana, changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, na uchague mahali penye jua la nusu siku au zaidi, si chini ya mparachichi. Ukimwagilia, mwaga maji chini. Majani yakikaa yamelowa, madoa meusi huyaingia. Jina na mwaka viandike kwa msumari kwenye kipande cha bati laini, ukifunge kwenye kijiti kando ya mche. Karatasi ya nasari haichukui muda kufutika.

Majirani wataomba mbegu. Waambie mbegu haitoi mwaridi ule ule. Jina hufuata kipande cha mmea. 'Queen Elizabeth' ni wa zamani na haki zake za kuuzalisha zimekwisha, kwa hiyo shangazi yuko huru kugawa (miwaridi mipya mpaka mwenye haki aruhusu). Kata tawi lililokomaa, unene wa penseli, lenye macho manne hivi, uzike nusu yake kwenye udongo wenye mchanga, kivulini. Sisi tunangoja mvua za Machi. Wanaotaka wamekwisha kumpa shangazi majina yao.