Kabla ya Kuchimba: Uliza, Angalia, Jaribu kwa Mkono

Mahindi yakishavunwa na ardhi kukauka, kazi za kuchimba huongezeka Sugoi: mtaro wa maji, shimo la choo, msingi wa nyumba, bwawa la samaki. Shamba ni lako, lakini huenda hujui yote yaliyofukiwa ndani yake. Aliyelaza bomba zamani huenda alihama, na alama zake zikang'olewa na jembe la trekta.

1. Uliza. Zungumza na majirani, kamati ya mradi wa maji au kampuni ya maji, na Kenya Power. Kuchimba kando ya barabara kunahitaji kibali cha mamlaka inayoisimamia, kwa mfano KeNHA kwenye barabara kuu ya Eldoret–Malaba.

2. Angalia. Mita, valvu, vifuniko vya zege na ardhi iliyodidimia kwa mstari ulionyooka ni dalili za bomba au kebo. Waya unaoteremka mlingotini na kuingia ardhini huenda ni stima iliyofukiwa.

3. Jaribu kwa mkono. Tumia beleshi kwanza, wala si sururu au tingatinga. Ukikuta utepe wa rangi au matofali yaliyopangwa, simama. Viliwekwa hapo kukuonya.

4. Linda juu. Nyaya za volti 11,000 au 33,000 zinaweza kukuua kabla hujazigusa, kwa kuwa umeme huruka hewani. Mweke mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutazama nyaya tu. Usirundike udongo chini ya nyaya, wala usichimbe karibu na mlingoti au waya unaoushikilia.

Mashine ikigusa nyaya
Dereva abaki ndani. Wengine wakae mbali, angalau mita 10, na wapige simu Kenya Power, 97771. Mashine ikishika moto, dereva aruke miguu ikiwa pamoja, asiguse mashine na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aondoke kwa kuburuta nyayo bila kuzitenganisha. Umeme huenea ardhini, na hatua ndefu huupitisha kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

Ukikwaruza kebo, hata kidogo, usiifukie kimyakimya. Maji yakiingia kwenye jeraha hilo, kebo inaweza kuharibika wiki nyingi baadaye, na atakayeumia huenda akawa mtoto wa jirani. Toa taarifa siku hiyo hiyo.