Udaktari wa Saikolojia ya Kimatibabu: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa Karo

Mtu anayefika hospitalini na moyo mzito, asiyelala usiku au anayesikia sauti ambazo wengine hawasikii, mara nyingi hupokelewa kwanza na muuguzi au afisa wa kliniki. Huyo ndiye humsikiliza kwa dakika chache katikati ya foleni, kisha huamua kama atapewa dawa, atarudi nyumbani au atapelekwa kwa mtaalamu. Miongoni mwa wahudumu hao, na pia walimu na washauri nasaha, wapo wanaotamani kusomea saikolojia ya kimatibabu hadi kiwango cha juu kabisa bila kuacha kuwahudumia watu. Njia hiyo ipo. Inaitwa PsyD, yaani shahada ya Daktari wa Saikolojia.

Ni njia ndefu na yenye gharama kubwa. Wazazi wengine huwa tayari kuuza shamba au ng'ombe ili mtoto asome. Makala haya yanaeleza shahada hiyo ni nini, inafundisha nini, na mambo gani mkazi ayachunguze kabla ya kutoa pesa.

Wataalamu watatu wasichanganywe

Daktari wa magonjwa ya akili ni mtu aliyesomea udaktari wa binadamu kwanza, kisha akabobea katika magonjwa ya akili. Yeye huandika dawa. Mwanasaikolojia wa kimatibabu hakusomea udaktari wa binadamu. Yeye hupima kwa vipimo vya kisaikolojia, hutambua tatizo, na hutibu kwa mazungumzo na mazoezi ya kubadili fikra na tabia. Mshauri nasaha humsaidia mtu kukabili matatizo ya maisha kama vile migogoro ya ndoa, msiba au ulevi, na humpeleka mbele anapoona dalili zinazohitaji mtaalamu mwingine.

Aliyehitimu PsyD huitwa Daktari kwa sababu ya shahada yake, kama anavyoitwa mwenye PhD. Jina hilo halimpi ruhusa ya kuandika dawa.

Ilikotoka

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Marekani ilikuwa na maelfu ya wanajeshi waliorudi na majeraha ya akili, na wataalamu wa kuwahudumia walikuwa wachache. Mwaka 1949 wanasaikolojia walikutana mjini Boulder, Colorado, wakakubaliana kwamba mwanasaikolojia wa kimatibabu afundishwe kuwa mtafiti na mtibabu kwa pamoja, na shahada yake iwe PhD.

Miaka ilipopita, kasoro ilionekana. Wahitimu wengi waliishia kutibu watu na hawakuchapisha utafiti wowote, ilhali sehemu kubwa ya masomo yao ilikuwa imetumika kuwaandaa kwa utafiti. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Illinois kilianzisha mpango wa PsyD ukiongozwa na Donald Peterson, na mwaka 1973 mkutano mwingine uliofanyika Vail, pia Colorado, uliikubali shahada hiyo kwa wale ambao kazi yao kuu itakuwa kutoa huduma.

Kwa hiyo PsyD si PhD iliyopunguzwa. Ni shahada ya kiwango kile kile yenye lengo tofauti.

Mwanafunzi hujifunza nini

Njia rahisi ya kuielewa ni kutazama kipimo kimoja. Dodoso linaloitwa PHQ-9 lina maswali tisa, na hutumiwa katika nchi nyingi kuchunguza dalili za sonona. Kila swali lina alama 0 hadi 3, hivyo jumla huwa kati ya 0 na 27. Alama 10 kwenda juu humtaka mhudumu achunguze zaidi.

Kujumlisha alama ni kazi ya dakika moja. Kazi ngumu ni kujua kilicho nyuma yake. Mama aliyepata alama 14 huenda ana sonona. Huenda pia amefiwa wiki iliyopita, au ana upungufu wa damu unaomchosha, au anapigwa nyumbani na hawezi kusema mbele ya mume aliyemsindikiza. Mzee aliyepata alama 4 huenda hana tatizo, au huenda hazoei kusema "nina huzuni". Yeye husema kichwa kinawaka, mwili umekwisha nguvu, au anawaza sana. Na swali la tisa huuliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Mtu mwenye jumla ndogo lakini aliyekiri hapo haachwi aende nyumbani kabla ya kuulizwa zaidi na kupangiwa usalama wake.

Mwanafunzi wa PsyD hufundishwa kuyatenganisha hayo yote. Darasani husoma magonjwa ya akili, vipimo, mbinu za tiba, maadili ya kazi na utafiti. Kisha hukaa na wagonjwa halisi chini ya msimamizi mwenye uzoefu. Baada ya kikao, msimamizi humhoji: Je, ulimwona mama yule peke yake? Uliuliza kuhusu kujidhuru, au uliona haya? Kwa nini ulichagua tiba hii na si ile? Iwapo mwanafunzi amekosea, kosa hugunduliwa mapema kabla halijamwumiza mgonjwa. Saa hizi za kazi inayosimamiwa ndizo moyo wa shahada. Chuo kinachotoa udaktari wa saikolojia ya kimatibabu bila kumweka mwanafunzi mbele ya mgonjwa kinauza karatasi.

Utafiti upo pia, na tasnifu huandikwa. Tofauti huwa katika swali. Mwanafunzi wa PhD anaweza kuuliza ni mambo gani yanayosababisha sonona kwa akina mama baada ya kujifungua. Wa PsyD anaweza kuuliza kama kikundi cha wiki nane katika kliniki ya mama na mtoto kinapunguza dalili hizo, na kama muuguzi aliyepata mafunzo anaweza kukiendesha. Wote wawili wanahitaji idhini ya kamati ya maadili na leseni ya utafiti kutoka NACOSTI kabla ya kuanza kuwahoji watu nchini Kenya.

Njia ya kusoma nchini Kenya

Ngazi ya kwanza ni shahada ya kwanza, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 4. Ngazi ya pili ni uzamili, kwa kawaida miaka 2. Ngazi ya tatu ni udaktari, usiopungua miaka 3. Jumla ni miaka 9 au zaidi baada ya shule ya upili, bila kuhesabu miaka ya kukatiza masomo kwa sababu ya karo au kazi. Katika mfumo wa kitaifa wa kufuzu, udaktari ni kiwango cha 10, ambacho ndicho cha juu kabisa.

USIU-Africa jijini Nairobi hutoa PsyD ya saikolojia ya kimatibabu. Chuo Kikuu cha Daystar hutoa PhD katika fani hiyo hiyo, na Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha uzamili wa saikolojia ya kimatibabu. Masharti ya kujiunga na karo hubadilika, kwa hiyo mwombaji ayapate kwa maandishi kutoka ofisi ya usajili ya chuo chenyewe, asitegemee maneno ya wakala.

Shahada peke yake si leseni. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kuwasajili na kuwasimamia wanaotoa huduma hizi. Mtu anaweza kuwa na udaktari ukutani na bado asiwe na ruhusa ya kufungua kliniki.

Kusomea ng'ambo

Nchini Marekani, PsyD huchukua kati ya miaka 4 na 6 kwa kawaida, pamoja na mwaka mzima wa mafunzo ya kazini. Mwanafunzi anaweza kuingia akiwa na shahada ya kwanza tu. Jambo la kuchunguza ni kama mpango huo umeidhinishwa na Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, APA, kwa kuwa asiye na idhini hiyo hupata shida ya leseni baadaye. Jambo la pili ni fedha. Wanafunzi wengi wa PhD husamehewa karo na kulipwa posho kwa kufundisha au kufanya utafiti, ilhali wengi wa PsyD hujilipia au hukopa. Barua ya kukubaliwa inaweza kuleta furaha nyumbani leo na deni la miaka mingi kesho.

Nchini Uingereza shahada inayofanana nayo huitwa DClinPsy na huchukua miaka 3. Huko mwanafunzi wengi huajiriwa na huduma ya taifa ya afya, NHS, na kulipwa mshahara akisoma. Nafasi hizo hugombaniwa vikali, na mgeni aulize mapema kama anaruhusiwa kuomba.

Anayerudi nyumbani na shahada ya ng'ambo hupeleka vyeti vyake kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ili vitambuliwe.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kuuliza si ujinga. Mwombaji aende chuoni na maswali haya, na aandike majibu:

1. Je, mpango huu wenyewe umeidhinishwa na CUE, au ni chuo tu kilichoidhinishwa?
2. Mwanafunzi hufanya kazi na wagonjwa kwa saa ngapi, katika hospitali gani, na nani humsimamia?
3. Je, bodi huwasajili wahitimu wa mpango huu?
4. Karo yote ni kiasi gani hadi kuhitimu, pamoja na ada za usimamizi, utafiti na mahafali?
5. Wanafunzi wengi humaliza kwa miaka mingapi, na wangapi huacha njiani?

Chuo kinachofundisha vizuri hakitakasirishwa na maswali haya. Kisichojibu kimejibu.

Kwa mfanyakazi wa kaunti, kuna swali la sita. Kabla ya kujiunga, apitie ofisi ya rasilimali watu ili kozi yake iidhinishwe na ajue masharti ya likizo ya masomo. Anayesomeshwa na serikali kwa kawaida hutia sahihi ya kurudi kazini kwa muda uliowekwa. Kuanza masomo kwanza na kuomba ruhusa baadaye kumewagharimu watu mishahara.

Je, kila mtu anahitaji udaktari?

La. Msichana aliyemaliza kidato cha nne na anayependa kusikiliza watu anaweza kuanza na shahada ya kwanza, akafanya kazi, kisha akapima kama moyo wake bado uko hapo. Mwenye uzamili aliyesajiliwa tayari anaweza kuwahudumia wagonjwa wengi bila PsyD. Udaktari humfaa zaidi anayetaka kushughulikia kesi ngumu, kuwasimamia wengine na kuanzisha huduma mahali ambapo hazipo.

Na huduma hizo zinahitajika. Katiba ya mwaka 2010 iliweka vituo vya afya mikononi mwa kaunti, na marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yalizipa kaunti majukumu katika huduma za afya ya akili. Jengo na dawa vinaweza kununuliwa kwa mwaka mmoja wa bajeti. Mtu anayejua kumwuliza mama yule swali la tisa, kusubiri jibu lake na kujua la kufanya baadaye, huandaliwa kwa karibu miaka kumi. Kijana anayeanza safari hiyo mwaka huu kwenye mpango ulioidhinishwa anaweza kuwa ndiye atakayempokea. Anayelipa karo mahali pasipofaa hupoteza shamba la baba yake, na mgonjwa hubaki kwenye foleni.

Maswali ya kujipima

1. Mwanasaikolojia wa kimatibabu hutofautianaje na daktari wa magonjwa ya akili?
2. Kwa nini shahada ya PsyD ilianzishwa ilhali PhD ilikuwepo?
3. Mtu amepata alama 5 kwenye PHQ-9, lakini amekiri kuwa na mawazo ya kujidhuru. Je, aende nyumbani? Eleza.
4. Taja mambo mawili ambayo mwenye shahada ya udaktari kutoka ng'ambo huhitaji kabla ya kutoa huduma nchini Kenya.