SOMO: MAFUA INAYOFIKA WAKATI USIO WAKE



Wewe unajua mafua. Mvua ikianza, watoto wanatoka makamasi na kukohoa. Mvua ikikatika, wamama wengi wanasema: «Sasa si wakati wa kifua. Mutoto ana mafua tu, itapita.» Leo tujifunze kwa nini neno hilo linaweza kumpoteza mutoto.

1. Mikrobe mbalimbali, njia moja

Mafua hailetwi na mikrobe moja tu. Ziko nyingi, na karibu zote ni virusi. Moja ni virusi ya gripi. Ingine inaitwa VRS. Mutu mukubwa akiipata, anapiga chafya tu. Lakini kwa mutoto muchanga inaweza kushuka mpaka ndani ya mapafu. Zote zinapita njia moja: mate, makamasi, hewa ya mutu anayekohoa, na mikono michafu.

2. Ugonjwa mukubwa ukienea dunia yote

Mwaka 2020 virusi mupya ya Covid-19 ilienea kila pahali. Kwetu Kongo mugonjwa wa kwanza alijulikana Kinshasa, tarehe 10 Machi 2020. Masomo yakafungwa, mipaka pia. Watu wakanawa mikono na kufunika kinywa. Kwa kufunga njia ya Covid, walifunga na njia ya zile zingine. Katika inchi nyingi gripi na VRS zikakaribia kupotea.

Kuko sababu ingine. Virusi moja ikiingia mwilini, mwili unaamsha walinzi wake. Kwa siku chache walinzi wale wanaweza kuzuia virusi ingine isipate nafasi.

Tena, virusi mupya inaweza kukamata kiti cha ile ya zamani. Mwaka 2009 gripi mupya ilizunguka dunia. Gripi moja ya zamani ikapotea, na ile mupya ikabaki. Sasa inarudi kama gripi ya kawaida.

3. Zilirudi namna gani?

VRS haikufa. Kule Australia inazoea kufika katikati ya mwaka, wakati wa baridi. Mwaka 2020 baridi ilipita karibu bila hiyo. Kisha ikafika mwisho wa mwaka, wakati wa joto. Kule Marekani pia, mwaka 2021, ilifika wakati wa joto.

Ni kwa nini? Watu walianza tena kukutana, na watoto waliozaliwa miezi ile walikuwa hawajaijua bado. Shamba lisilochomwa muda mrefu linajaa majani makavu: moto kidogo tu unatosha.

Basi mama, usitazame mvua. Tazama mutoto.

4. Hesabu pumzi yake

Mutoto akiwa ametulia, inua nguo yake, tazama kifua, hesabu dakika moja nzima kwa saa ao telefone. Anapumua mbio mbio kama unapata:
– chini ya miezi 2: mara 60 ao zaidi;
– miezi 2 mpaka 11: mara 50 ao zaidi;
– mwaka 1 mpaka 5: mara 40 ao zaidi.

Umupeleke hospitali siku ile ile kama anapumua mbio hivyo, ao sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani akivuta pumzi, ao anakataa kunyonya, anatapika vyote, analala bila kuamka vizuri, ao anashikwa na kifafa. Usingoje kesho, hata kama ni wakati wa jua kali.

5. Fanya hivi nyumbani

– Muendelee kunyonyesha, hata akiwa na mafua.
– Nawa mikono kwa sabuni mbele ya kumushika.
– Mutoto asikae karibu na moshi wa jiko ao wa tumbako.
– Mwenye kukohoa asimubusu mutoto muchanga.
– Usinunue antibiotike sokoni: haiui virusi.
– Fuata chanjo zote kwenye fishi yake. Zinamukinga na mikrobe ingine zinazoharibu mapafu.

Maulizo

1. Kwa nini VRS ilikaribia kupotea mwaka 2020?
2. Mutoto wako ana miezi 5, anapumua mara 54 kwa dakika, na mvua imekatika zamani. Utafanya nini?

Mama, ukijua jibu la ulizo la pili, umufundishe na jirani yako.