SOMO LA AFYA: SUKARI YA DAMU INAPOSHUKA KWA MTOTO MAHUTUTI

Wananchi wenye watoto, hasa wanaosafiri au kuhamia Mpanda na sehemu nyingine za Mkoa wa Katavi kwa kazi, biashara au kutembelea jamaa, wanaombwa kulisoma somo hili kwa makini na kuwasomea wenzao. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 malaria imekuwa chache Visiwani, na mtoto aliyekulia huku hana kinga ya kutosha dhidi yake. Huko Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, malaria bado ni mzigo mkubwa. Inapokuwa kali huja na hatari isiyoonekana kwa macho, nayo ni kushuka kwa sukari ya damu.

1. Sababu za sukari kushuka

Ubongo huendeshwa na sukari inayoletwa na damu, wala hauna ghala lake la kutosha. Akiba ya mwili imo katika ini, na akiba ya mtoto mdogo huisha upesi. Mtoto mwenye malaria kali hutapika na hukataa chakula. Homa na degedege huteketeza sukari. Na ini lenyewe hushindwa kutengeneza nyingine. Aidha, dawa ya kwinini huchochea kongosho kutoa insulini, ambayo huishusha sukari zaidi. Utafiti uliofanywa katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa kati ya watoto waliopewa sindano za atesuneti walikufa asilimia 8.5, na kati ya waliopewa kwinini asilimia 10.9. Sukari nayo ilishuka mara chache zaidi kwa waliopewa atesuneti. Kwa hiyo atesuneti ndiyo dawa inayotangulizwa hivi sasa.

2. Athari zinazobaki

Mtoto anaweza kupona homa, akarudi nyumbani akicheza, na bado akawa amepungukiwa. Huko Kampala, Uganda, watoto waliougua malaria ya ubongo walipimwa baada ya miaka 2. Mmoja katika kila wanne alikuwa na upungufu wa akili, ama katika kukumbuka, kufikiri au kuzingatia, kama ilivyochapishwa mwaka 2008. Watafiti wa Kilifi, Kenya, walikwishaeleza mwaka 1999 kuwa sukari kushuka ni miongoni mwa mambo yanayofuatana na upungufu huo, pamoja na degedege na kuzama katika kuzirai.

Hata hivyo, iko sababu ya kutumaini. Huko Leuven, Ubelgiji, watoto waliolazwa katika wodi ya mahututi, ambao sukari yao ilishuka kwa muda mfupi na kurekebishwa mara moja, walipimwa miaka 4 baadaye na hawakuonekana kudhurika kwa sababu hiyo. Funzo ni kwamba muda ndio wenye uzito. Sukari iliyoshuka ikagunduliwa upesi hutibika. Ikiachwa, ubongo hulipa.

3. Yanayopaswa kufanywa

Kulegea, kutoka jasho la baridi, degedege na kuzirai ni dalili za sukari kushuka, lakini ni dalili za malaria kali vilevile. Tone moja la damu kwenye kipimo ndilo litakalopambanua. Shirika la Afya Duniani huhesabu sukari iliyo chini ya milimoli 2.2 kwa lita kuwa ni alama ya malaria kali. Hivyo basi, wazazi wanakumbushwa:

(a) Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Anayeweza kumeza aendelee kunyonya, au apewe uji na vinywaji vyenye sukari.

(b) Mtoto aliyezirai asinyweshwe kitu, kwani kitaingia mapafuni. Alazwe ubavu, na kijiko kimoja cha chai cha sukari iliyoloweshwa kwa maji kidogo kiwekwe chini ya ulimi, huku akipelekwa kwa mganga bila kuchelewa.

(c) Kutoka Ikola au Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, hadi hospitali ya Mpanda ni mwendo mrefu, na wakati wa mvua huzidi. Kabla ya safari mzazi aulize iwapo sukari imepimwa, na iwapo mtoto chini ya miaka 6 amepewa atesuneti ya kuwekwa njia ya haja kubwa.

(d) Wodini sukari hupimwa tena na tena, hata baada ya dripu ya glukosi, kwani huweza kushuka mara ya pili. Mzazi anayeona mtoto amelegea ghafla amwite muuguzi, wala asione haya.

4. Baada ya kurudi nyumbani

Mtoto aliyewahi kuzirai kwa malaria aangaliwe kwa miezi na miaka. Akisahau alichojua, akichelewa kusema, akishindwa kutulia darasani au akipata kifafa, arudishwe hospitali. Walimu nao waelezwe yaliyomfika. Mtoto wa namna hiyo asihesabiwe mvivu wala mkaidi, na asichapwe kwa kosa lisilo lake. Apewe muda zaidi, arudiwe somo polepole, na asiondolewe shuleni.